Kabati Jeusi Lilipata Alama Tisini na Nne

Kabla sijaendelea kujivua nguo mbele yenu, niwakumbushe nilipoishia.

Mimi ndiye mtunza kompyuta wa kiwanda cha magodoro. Kila godoro tunalouza lina namba, na kila namba ina jina la mteja, tarehe aliyonunua na dhamana ya miaka kumi. Majina hayo, oda, vipimo vya povu, barua, kila kitu cha kiwanda kinakaa ndani ya kabati moja la chuma lililojaa diski. Kabati letu la zamani lilianza kukoroma. Mkurugenzi akaniagiza nilinganishe makabati matatu mapya, kisha nimwambie tununue lipi.

Wiki iliyopita niliungama kwamba wakala wa mojawapo ya makabati hayo, lile jeusi, ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Niliungama pia kwamba ripoti yangu ya kurasa thelathini na mbili ililiweka jeusi juu. Najua baadhi yenu mlisema, aah, hilo dogo, nani hajawahi kumbeba shemeji yake.

Subirini.

Ripoti ilisomwa Jumatatu asubuhi, ofisini kwa Mkurugenzi, mbele ya kamati. Kamati yenyewe ilikuwa watu watatu. Mkurugenzi, mzee aliyeanza kwa kushona magodoro ya pamba kwa mikono yake na hapitishi siku bila kutukumbusha. Fundi Povu, anayejua ubora wa godoro kwa kulibonyeza kwa kidole gumba. Na mkuu wa manunuzi, ambaye kiwanda kizima kinamwita Mama Mihuri, kwa sababu anayo mihuri saba na kila mmoja una kifuko chake.

"Mtaalamu," Mkurugenzi akaniambia, "soma hapo penye alama tu. Huko kwingine tunakuamini."

Nikasoma. Jeusi, tisini na nne. Jeupe, sabini na moja. La kijivu, thelathini na nane.

"Kelele?" Fundi Povu akauliza.

"Jeusi halina kelele kabisa."

"Hapo nakubali. Nililiwekea sikio mwenyewe. Hata pumzi halina."

"Joto?" Mkurugenzi naye akauliza.

"Halipati joto, Mzee. Na umeme linakula kama balbu moja tu."

"Kasi?"

Nikaitaja kasi. Ilikuwa namba kubwa yenye desimali mbili. Nimegundua katika maisha yangu kwamba watu wakishaona desimali hawaulizi tena.

Kabati jeupe lilishika nafasi ya pili ingawa halikuwahi kuwashwa. Mlango wa chumba cha mashine ulilikataa, likakaa koridoni siku thelathini, watu wakiliwekea vikombe vyao vya chai juu. Alama zake nilizitoa kwenye kijitabu cha wenyewe, nikazipunguza kidogo ili zionekane zimepimwa.

Siku thelathini hizo hazikutoka kwangu. Kwetu hakuna kinachonunuliwa bila kulaliwa. Mteja anachukua godoro la majaribio, analilalia siku thelathini, asipopata usingizi analirudisha. Likirudi, linachanwachanwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya usafi, hata kama alililalia mtu aliyeoga mara tatu. Mkurugenzi anaipenda sana sheria hiyo. Ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu, na siku makabati yalipokuja kwa mkopo wa majaribio aliitumia kwa makabati vilevile.

"Basi la kijivu liondoke Ijumaa," akasema. "Jeusi tunalizindua Ijumaa hiyo hiyo mchana. Mtaalamu, umefanya kazi ya kiume."

Wakanipigia makofi watu watatu. Nilifurahi, siwezi kuwadanganya. Niliinama kidogo kama bwana harusi.

Sasa sikilizeni dhambi yenyewe.

Kabati la kijivu, lile la alama thelathini na nane, ndilo lililokuwa linafanya kazi yote ya kiwanda.

Ilikuwa hivi. Siku ya tatu ya majaribio, kabati la zamani liliwasha taa nyekundu na kuanza kugugumia. Nikaogopa. La kijivu lilikuwa pale pale, limeshawashwa, lina diski ishirini na nne. Nikajiambia, si tunataka kulijaribu kwa kazi halisi? Nikahamishia kila kitu humo. Sikunakili, nilihamisha. Ningerudisha baadaye.

Siku iliyofuata Mama Mihuri alinisimamisha koridoni. "Mtaalamu, siku hizi mafaili yanafunguka kabla sijaketi. Hilo kabati jeusi ni kiboko."

Nikanyamaza. Watu wa kaunta ya mauzo nao wakalisifu jeusi. Nikazidi kunyamaza. La kijivu lilikuwa na kelele, kweli, na joto pia, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa kazini. Nikalikata alama kwa kelele, nikalikata kwa joto. Nililiweka la mwisho makusudi, maana lingekuwa la pili Mkurugenzi angeagiza tuyashindanishe mawili ya juu mbele yake, na hapo ningepatikana.

Wiki ya pili Mama Mihuri alitaka kuliondoa lile la zamani, tupate nafasi. Aliwauzia watu wa vyuma chakavu. "Ndani kuna kitu?" akaniuliza. Nikajibu hakuna. Na nakala za akiba je, zile ambazo kwa miaka sita nimekuwa nikiandika kila mwezi kwamba zimechukuliwa? Zilichukuliwa kweli. Nilikuwa naziweka humo humo, kwenye diski za chini za kabati lile lile la zamani. Sikuzikumbuka mpaka niliposikia nyundo uani.

Kwa hiyo Jumatatu ile, nikipigiwa makofi, kumbukumbu zote za kiwanda zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kabati la kuazima ambalo mimi mwenyewe nimeandika kwamba halifai.

Makofi yalipoisha, Mama Mihuri akanitelezeshea karatasi. "Ya kurudisha la kijivu. Saini hapo."

Niliisoma. Nathibitisha kwamba ndani ya kifaa kinachorudishwa hamna mali yoyote ya kiwanda.

"Si linaondoka Ijumaa?" nikasema. "Nisaini leo?"

"Leo ndiyo nimeutoa muhuri huu kifukoni. Kesho sijui."

Nikapiga hesabu. Siku nne. Kuhamisha data kutoka la kijivu kwenda jeusi ni kazi ya siku moja. Nikasaini. Muhuri ukashuka, pu, juu ya jina langu.

Jumanne nilimwita shemeji kwenye chumba cha mashine. Alikuja na suti ya bluu na viatu vyenye ncha, akanikumbatia.

"Tisini na nne," akasema. "Shemeji, wewe ni ndugu. Mama amelia kwa furaha."

"Nifungulie jeusi, nianze kuhamishia data."

"Leo?"

"Leo. La kijivu linaondoka Ijumaa."

Akaliangalia kabati lake. Taa za bluu zilikuwa zinapishana juu hadi chini, nzuri mno. "Huwezi kusubiri kidogo? Mwezi ujao hivi?"

"Shemeji, kwani kuna nini?"

"Hebu tutoke nje."

"Ongea hapa hapa."

Akalegeza tai. "Hilo ni la maonyesho."

"La maonyesho vipi?"

"La kuonyeshea watu. Taa zipo, mlango upo, feni ndogo ipo. Diski hazimo."

"Hata moja?"

"Sasa kwenye maonyesho diski za nini, shemeji?"

Nilikaa sakafuni. Halina kelele. Halipati joto. Umeme linakula kama balbu moja. Nilikuwa nimelipatia bati lenye taa za mapambo alama tisini na nne, na zile sita nililikata kwa sababu mlango wake ulikuwa mzito.

"Na namba za kasi ulizoniletea?"

"Uliniambia nilete namba. Nikaleta namba." Alionekana kuumia kweli. "La kweli litakuja wiki sita baada ya kulipiwa. Nilijua hamna haraka. Nyinyi si watu wa usingizi?"

Kusema kweli nilitaka kumpiga. Lakini alikuwa amevaa tai ya marehemu baba mkwe wangu, na mkono haukunyanyuka.

Jumatano asubuhi, chai haijapoa, mke wangu akanikalia mbele. Habari zilikuwa zimeshamfikia, tena zikiwa zimevaa suti ya bluu.

"Baba Watoto, nasikia unataka kumharibia kaka yangu."

"Kabati lake ni tupu."

"Kila mtu anaanzia mahali."

"Mke wangu, ndani hamna kitu. Mimi nimesaini kwamba ni bora kuliko yote."

"Kwa hiyo ulisaini bila kufungua, halafu kosa ni la kaka yangu?"

Nikanywa chai, ikaniunguza.

"Kazi yako ikipotea sisi tunakula nini?" akaendelea.

"Ndiyo hiyo ninayotaka kuilinda. Nikamwambie Mzee ukweli."

"Kailinde. Lakini kaka yangu usimtaje." Akaondoa vikombe. "Ukimtaja, mama hataingia tena nyumba hii, na mimi nitamfuata huko aliko."

Mwanamke huyu nampenda. Aliniomba vitu viwili visivyokaa chumba kimoja, akaniwekea na andazi nile njiani. Nilikwenda kazini nikiwa na akili moja tu iliyobaki: nitafute diski ndogo za kubebea mkononi, nichote data kidogo kidogo kutoka la kijivu kabla ya Ijumaa. Nikishazichota, la kijivu liende, jeusi liendelee kupepesa taa zake, na mimi nitaunganisha diski zangu nyuma yake kwa siri mpaka la kweli lije. Mtu akiwa kwenye matope mpango wowote unaonekana ni daraja.

Alhamisi saa nne niliomba ruhusa, nikaenda madukani. Nilizunguka maduka sita. Nilipata diski tatu, nikazibeba kwenye mfuko wa karatasi, nikarudi karibu nakimbia.

Mlinzi wa getini akanipokea kwa meno yote. "Hongera, Mtaalamu."

"Ya nini?"

"Lile bovu limeshaondoka. Nimelisukuma kwa mkono wangu huu."

"Si ni kesho?"

"Yule dada wakala wao alikuja na lori leo. Anasema kuna mteja mwingine analisubiri. Nilitaka kukupigia, lakini karatasi zilikuwa zimekamilika. Saini yako ile pale, na muhuri."

"Mlilizimaje?"

"Tulichomoa waya," akasema. "Lilikuwa linapiga kelele kweli kweli. Tulipochomoa likanyamaza."

Nilipita kaunta ya mauzo. Wateja wamejipanga, kompyuta zote nne zimeganda, na hakuna aliyekasirika. Dada wa kaunta alikuwa anawaambia watu, "Mtuvumilie kidogo, tunahamia kwenye mashine mpya." Mteja mmoja akasema ndiyo maendeleo hayo. Sijawahi kuona watu wakifurahia hivyo kitu kisichofanya kazi.

Nikajificha chini ya ngazi, nikampigia dada wa kabati la kijivu.

"Kaka, habari za kazi?"

"Dada, kabati letu liko wapi?"

"Letu, kaka," akanisahihisha. "Liko karakana, kwenye foleni ya kufutwa."

"Kufutwa?"

"Likirudi kutoka kwa mteja linafutwa diski zote kabla halijaandikwa stoo. Nyinyi si mnachana magodoro? Na sisi ni hivyo hivyo."

"Simamisha. Nakuomba. Data zetu zote zimo humo."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Kaka, ninayo karatasi inayosema hazimo. Saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ninayo ripoti, Mama Mihuri alinipa nakala. Ukurasa wa nne mmesema kabati letu ni zito, lina kelele na halifai kubeba kumbukumbu za biashara. Nayo ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa, kati ya wewe na wewe, nimwamini nani?"

Nikamwambia yote. Sikumtaja shemeji, nilisema wakala. Nilimwambia kwamba kabati lake halikuwahi kusinzia hata mara moja kwa siku ishirini na saba, kwamba lilikuwa bora kuliko yote, na kwamba nilijua.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani ungeandika hivyo tu," akasema taratibu. "Hivyo ulivyosema sasa hivi. Mimi nililazimika kumweleza bosi wangu kwa nini tumeshindwa na kabati lililo koridoni."

"Nisamehe, dada."

"Tutaongea msamaha baadaye. Sasa sikia. Karatasi ina saini na muhuri, siwezi kuivunja kwa maneno yako. Mkurugenzi wenu aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake. Neno moja. Akisema simamisha, nasimamisha. Akisema futa, nafuta. Fundi yuko mbele yangu hapa, na zamu yenu ndiyo inayofuata. Usikate simu."

Machozi yalinitoka kwa shukrani, pale pale chini ya ngazi, kati ya ndoo na mafagio. Neno moja. Nikapanda ngazi mbili mbili, simu mkononi ikiwa hewani.

Chumba cha mashine kilikuwa kimejaa watu.

Mkurugenzi alikuwa ameona nafasi imepatikana mapema, akauwahisha uzinduzi kwa siku moja. Fundi Povu alikuwepo, Mama Mihuri alikuwepo na mihuri yake yote saba. Shemeji amesimama kando ya kabati jeusi, ameng'aa. Na kwenye kiti kimoja kilicholetwa kutoka ofisini alikuwa ameketi mama mkwe wangu, mkoba mapajani, amekuja kumwona mwanawe akifanikiwa.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikihema.

"Marahaba, baba. Mungu akubariki kwa ulivyomshika mwenzako mkono."

"Mzee," nikamgeukia Mkurugenzi, "nakuomba dakika moja."

"Umekuja wakati wake. Njoo ushike bisibisi."

"Bisibisi?"

"Sisi tangu lini tunanunua povu bila kulikata pembe tukaona ndani? Fungua tuone."

Shemeji akaruka. "Mzee, ukifungua dhamana inakufa."

"Kijana, mimi nimeuza dhamana miaka arobaini. Usinitishe nayo."

Bisibisi ikawekwa mkononi mwangu. Simu nikaitia mfukoni, dada wa kijivu akiwa bado anasubiri. Skrubu zilikuwa nne. Ya kwanza nilimwangalia shemeji, macho yake yakaniomba. Ya pili nilimwangalia mama mkwe, akanitabasamia. Ya tatu na ya nne sikumwangalia mtu.

Mlango ukatoka.

Ndani kulikuwa na waya mmoja, ubao wenye vibalbu vya bluu, na feni ya ukubwa wa kiganja. Kwingine kote kulikuwa na uwazi. Ungeweza kulaza mtoto.

Mkurugenzi akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa pande zote, akautoa.

Hapo nikajikaza. Nilisema kwa sauti, mbele ya mama mkwe na mihuri yote saba: "Mzee, ndani hamna kitu."

Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli chumbani humo kwa mwezi mzima. Niliona kifua kinanifunguka. Nikangoja dunia iniangukie.

"Naona," akasema Mkurugenzi. Akafikiri. "Fundi, godoro letu la daraja la juu, hewa ni kiasi gani?"

"Asilimia tisini na kitu, Mzee."

"Na povu lenyewe?"

"Kidogo tu. La kushikilia hewa."

"Na watu wanalala?"

"Wanalala sana."

Mkurugenzi akatugeukia wote, uso umemchanua. "Mnaona? Miaka yote nawaambia, kitu cha bei rahisi kimejaa takataka. Ubora ni hewa."

Makofi. Mama Mihuri alipiga makofi. Mama mkwe alipiga makofi. Shemeji, aliyekuwa ameshakufa, alifufuka palepale. "Ndiyo teknolojia ya sasa, Mzee. Data hazikai tena kwenye vyuma. Si mnasikia watu wanasema ziko mawinguni?"

"Nasikia," akasema Fundi Povu, kwa heshima.

Nilikuwa nimeungama na ungamo langu limepewa makofi. Lakini mfukoni mlikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na mtu anayesubiri neno moja. Nikaitoa, nikaiweka mkononi mwa Mkurugenzi.

"Mzee, ongea na huyu dada. Ni wa kabati la kijivu. Wanataka kulifuta lote, kwa sababu limerudi, na anataka neno lako mwenyewe, na mimi naomba..."

Sikumaliza. Aliposikia limerudi na kufutwa, simu ilikuwa imeshafika sikioni, na sikuwahi kumwona mzee yule na furaha kama ile.

"Dada? Ndiyo, mimi mwenyewe. Kumbe na nyinyi mnao utaratibu huo? Basi mmenifurahisha sana. Watu siku hizi wanaurudisha uchafu dukani bila haya. Ndiyo. Ndiyo, neno langu ndilo hilo. Futa, mama. Futa mpaka pembeni."

"Mzee, hapana," nikasema.

"Na asante kwa usafi," akamalizia, akakata.

Nikampokonya simu. Naam, nilimpokonya Mkurugenzi simu, mbele ya watu. Nikapiga. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Nikajikuta nimekaa sakafuni kwa mara ya pili wiki hiyo, mgongo kwenye kabati jeusi. Halikuwa na joto hata kidogo.

"Watu wana bidii wale," Mkurugenzi alikuwa anamwambia Mama Mihuri. "Anasema ni dakika arobaini tu, linakuwa jeupe kabisa ndani." Kisha akaniona. "Mtaalamu, mbona umekaa chini?"

"Mzee, lile kabati la kijivu ndilo tulilokuwa tunafanyia kazi."

"Lini?"

"Siku zote hizi. Mafaili yaliyokuwa yanafunguka haraka yalikuwa mle."

"Lile la alama thelathini na nane?"

"Hilo hilo."

Akaliangalia kabati jeusi, taa zake zikipanda na kushuka. Akauangalia mkono wake, ule uliopapasa. Makofi yalikuwa yamekwisha. Shemeji alikuwa ameanza kusogea taratibu kuelekea mlangoni, na mama mkwe alikuwa amemshika kona ya koti bila kujua kwa nini.

"Sasa," Mkurugenzi akauliza, sauti imeshuka, "kwani mle ndani mlikuwa na nini?"

Nikaangalia saa ya ukutani. Dakika nne zilikuwa zimeshakwenda.

"Kiwanda, Mzee," nikamjibu.